Shajara ya mradi: bonge la magadi na kemia ya kidato cha tano na sita

Kidato cha tano, Julai, wiki ya tatu

Leo nimenunua sokoni kilo mbili za magadi ya mawe, yale yale yanayotiwa kwenye makande, na mbele ya wanafunzi wa tahasusi za PCB, PCM na CBG (michepuo mitatu ya masomo yenye kemia ndani yake) nimeyaweka juu ya meza ya maabara bila kusema neno. Walidhani nimesahau kupeleka mahitaji jikoni.

Sababu ya mradi ni hii. Kila mwaka napokea vijana waliofaulu vizuri kidato cha nne, nao wanakutana na orodha ndefu ya mada: atomi, vifungo vya kikemia, gesi, nishati ya mimenyuko, msawazo, haidrokaboni, kemia ya udongo, kisha mwaka wa pili asidi na besi, umumunyifu, elektrokemia, kasi ya mimenyuko, alkoholi, asidi za kikaboni, amini na metali za mpito. Kila mada wanaifungia katika sanduku lake. Nikiwauliza habari za msawazo, yaani mmenyuko unapokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa, ndani ya swali la sabuni, wananijibu kwamba hiyo si mada ya kikaboni. Kwa miaka hii miwili nataka kila mada iulizwe swali moja: una lipi la kusema kuhusu bonge hili? Mada isiyo na la kusema tutaiandika kwamba haina, na hatutailazimisha.

Masomo tunayafundisha kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, lakini shajara hii naiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi anayekariri maana ya msawazo bila kukosea hata nukta hushindwa kumweleza mwenzake jambo hilo hilo wakiwa bwenini.

Agosti, wiki ya pili

Mada ya atomi imeanza na mwali. Tulichovya waya safi katika asidi, tukaugusisha unga wa magadi na kuuweka kwenye mwali wa gesi, ukawaka njano kali. Chumvi ya mezani ikatoa rangi ile ile, na soda ya kuokea mandazi vilevile. Kwa hiyo mwali unatuambia habari ya sodiamu tu, na hausemi sodiamu hiyo imeungana na nani.

Njano hiyo ina urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589. Hutokea elektroni ya nje ya sodiamu inaporudi kutoka ngazi ya 3p hadi 3s. Wanafunzi walikokotoa nishati ya fotoni moja, wakapata juli 3.37 × 10⁻¹⁹, wakaizidisha kwa namba ya Avogadro na kupata karibu kilojuli 203 kwa moli. Hapo ndipo baadhi yao walipotambua kwamba ile namba kubwa ya 6.022 × 10²³, ambayo tangu kidato cha tatu waliichukulia kama mzigo wa kukariri, ndiyo inayotuvusha kutoka kwenye atomi moja hadi kwenye kiasi kinachopimika kwa mizani.

Mmoja aliuliza kwa nini alama ya sodiamu ni Na. Nilimjibu kwamba inatoka kwenye neno natrium, ambalo linatokana na natroni, yaani magadi yenyewe. Humphry Davy aliipata metali hiyo mwaka 1807 kwa kupitisha umeme katika soda kali iliyoyeyushwa, wakati magadi yalikuwa yameshatumika kwa maelfu ya miaka. Ziwa Natron nalo linabeba jina hilo hilo.

Oktoba, wiki ya kwanza

Tumeingia kwenye upimaji wa ujazo, na hapa ndipo mradi ulipoanza kutuumiza.

Magadi ya asili kwa sehemu kubwa ni madini yanayoitwa trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, ambayo uzito wa moli yake ni gramu 226. Ndani yake mna besi mbili zilizo pamoja, na mtihani wa vitendo hupenda swali la aina hiyo: tenganisha kaboneti na haidrojeni kaboneti (hiyo ndiyo soda ya kuokea) kwa asidi moja na vionyeshi viwili. Fenolfthaleini hupoteza rangi yake ya waridi kaboneti yote inapokuwa imegeuka haidrojeni kaboneti. Kisha methili oranji hubadilika haidrojeni kaboneti yote, iliyozaliwa na iliyokuwamo tangu mwanzo, inapokwisha. Kama sampuli ni trona safi, ujazo wa pili utakuwa mara mbili kamili ya ule wa kwanza, na wanafunzi walilithibitisha hilo kwenye karatasi kabla hawajashika bureti.

Tulipima gramu 2.26 za unga wa magadi, tukaziweka katika maji, tukachuja mchanga na kufikisha ujazo wa sentimita za ujazo 250. Kila kikundi kilichukua 25 kwa pipeti. Wastani wa vikundi vilivyokubaliana ulikuwa 9.90 kwa fenolfthaleini na 20.95 zaidi kwa methili oranji. Tukakokotoa kwa asidi haidrokloriki ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, na jibu likaja kwamba magadi yetu ni safi kwa asilimia 103.

Darasa lilinyamaza. Kuna waliotaka kuandika asilimia 100 na kuendelea na kazi, na nakiri kwamba nimewahi kuona ripoti nyingi zilizotengenezwa kwa ujanja huo. Niliwauliza: mchanga tuliouchuja mmeuona kwa macho yenu, sasa uliingia wapi katika asilimia hizo? Tukaanza kumtafuta mwongo. Mizani ilikuwa sawa na pipeti ilikuwa sawa. Binti mmoja wa PCB ndiye aliyeuliza nani aliyesema kwamba asidi ni ya 0.1 M, na jibu likawa ni kibandiko cha chupa tu.

Oktoba, wiki ya pili

Asidi imepimwa upya. Tulikausha sodiamu kaboneti safi kwenye moto hadi uzito wake ukaacha kubadilika, tukatengeneza mmumunyo wa kiwango kinachojulikana, tukaipima asidi kwa mmumunyo huo. Kumbe ni 0.084 M. Ilitengenezwa kutoka kwenye chupa ya asidi kali iliyokuwa imefunguliwa muda mrefu, na gesi ya haidrojeni kloraidi ilikuwa imeshapotelea hewani. Kosa ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika kibandiko.

Kwa kiwango sahihi, hesabu zile zile zinatoa magadi yenye usafi wa takriban asilimia 87. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kosa la asidi haliwezi kulieleza: ujazo wa pili umezidi mara mbili ya ule wa kwanza, kwa kuwa 9.90 mara mbili ni 19.80 na sisi tulipata 20.95. Kiwango cha asidi kikibadilika, uwiano wa ujazo wa kwanza na wa pili haubadiliki. Inaonekana basi kwamba bonge letu lina haidrojeni kaboneti zaidi ya trona halisi. Kundi moja linasema magadi yalikaa wazi sokoni, yakanyonya unyevu na kaboni dioksaidi ya hewa. Kundi la pili linasema tatizo ni macho yetu, kwa kuwa waridi ya fenolfthaleini haikatiki ghafla bali hufifia polepole, na aliyeacha mapema hupata ujazo wa kwanza mdogo na wa pili mkubwa. Sikutoa hukumu. Rangi hufifia hivyo kwa sababu pH katika hatua ile ni takriban 8.3, na huko mteremko wa pH si mkali, lakini jambo hilo litaeleweka tukifika kwenye bafa, yaani mmumunyo unaopinga mabadiliko ya pH. Nimeliandika ubaoni kama deni.

Novemba, wiki ya tatu

Nishati ya mimenyuko. Niliwapa vikombe viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, kipimajoto na asidi ya 2 M, sentimita za ujazo 100 kwa kila jaribio. Kwanza wakatia gramu 8.4 za soda ya kuokea. Povu likapanda kwa nguvu, na kila mmoja alitarajia kipimajoto kipande pia, kwa kuwa wengi wameingia kidato cha tano wakiamini kwamba mmenyuko wenye vurugu lazima utoe joto. Kikashuka kwa nyuzi 6.5. Kisha wakatia gramu 5.3 za sodiamu kaboneti kavu katika asidi nyingine, kikapanda nyuzi 3.0.

Kutokana na vipimo hivyo viwili wakaitumia Sheria ya Hess, isemayo kwamba jumla ya joto la mmenyuko haitegemei njia uliyopitia, kukadiria kitu ambacho hakipimiki kirahisi ndani ya kikombe: joto linalohitajika kuivunja soda ya kuokea, 2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂. Haidrojeni kaboneti ilitoa kilojuli +27.2 kwa moli, ambayo mara mbili yake ni +54.4, kaboneti ilitoa −25.1, tofauti yake ni karibu kilojuli 80. Thamani inayopatikana kwa entalpi za uundikaji, maji yakiwa kimiminika, ni 91.6. Upungufu huo una maelezo: kikombe kilichopoa kilivuta joto kutoka nje na kilichopata moto kilipoteza joto, kwa hiyo mabadiliko yote mawili yalionekana madogo kuliko yalivyo. Nilifurahi zaidi kwa maelezo hayo kuliko ambavyo ningefurahi kwa jibu lililolingana.

Siku hiyo hiyo mpishi wa shule alitusikia tukizungumzia mandazi, akasimama mlangoni na kusema kwamba unga uliotiwa soda ukikaa muda mrefu kabla ya kukaangwa hauumuki vizuri. Swali lake tumeliweka kwa ajili ya mada ya kasi ya mimenyuko.

Februari, wiki ya nne

Msawazo na bafa. Deni la Oktoba limelipwa.

Mmumunyo wa magadi una kaboneti na haidrojeni kaboneti kwa viwango vinavyokaribiana, kwa hiyo wenyewe ni bafa. Wanafunzi walichukua namba zao za Oktoba, milimoli 0.83 za kaboneti na 0.93 za haidrojeni kaboneti, na kwa kuwa pKa ya pili (namba inayoonyesha nguvu ya asidi) ya asidi ya kaboni ni 10.33, wakapata pH ya 10.28. Karatasi ya kupimia ilisoma 10. Wakaongeza sentimita moja ya ujazo ya asidi yetu: kwa hesabu, pH inashuka kwa chini ya 0.1, na karatasi haikuonyesha tofauti yoyote. Asidi ile ile katika maji matupu ya ujazo ule ule iliishusha hadi kati ya 2 na 3. Baada ya hapo waridi inayofifia polepole haikuwa muujiza tena, kwa sababu pande zote mbili za hatua ile kuna bafa inayopinga mabadiliko.

Mwanafunzi mmoja wa CBG alinifuata jioni. "Shikamoo, Mwalimu. Bibi yangu hutia magadi kwenye makande ili maharage yaive upesi, lakini akizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni. Hiyo nayo ni bafa?" Niliitikia marahaba, nikamwambia kwamba maswali hapo ni mawili. Maharage yanalainika kwa sababu pektini inayoshikilia kuta za seli huvunjika upesi zaidi katika besi, na kwa sababu kaboneti huondoa kalsiamu, ambayo huzifanya kuta hizo ziwe ngumu. Kuhusu ladha ya sabuni, nilimwomba asubiri mwaka wa pili.

Aprili

Benzini. Bonge la magadi halina la kusema. Tumejifunza kwa njia ya kawaida: wazo la pete la Kekulé la mwaka 1865, kisha ushahidi kwamba vifungo vyote sita vina urefu mmoja wa pikomita 139, kati ya 154 ya kifungo kimoja na 134 ya kifungo maradufu. Mada ni nzuri, na imesimama peke yake.

Kidato cha sita, Septemba, wiki ya pili

Misombo ya metali na kemia ya udongo zimetupeleka Ol Doinyo Lengai, kwa ramani tu, maana fedha ya basi haikupatikana. Mlima huo ulio kusini mwa Ziwa Natron ndio volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti za sodiamu na kalsiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi, ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, yaani chini sana ya lava ya kawaida, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu. Madini yake mojawapo, Na₂Ca(CO₃)₂, yanaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Darasa zima lilidhani nawatania.

Kwa upande wa viwanda, tuliulinganisha mchakato wa Solvay wa mwaka 1861, unaotengeneza sodiamu kaboneti kwa chumvi na mawe ya chokaa huku amonia ikizungushwa na kurudishwa, na Ziwa Magadi la Kenya, ambako jua hufanya sehemu kubwa ya kazi na uchimbaji umeendelea tangu mwaka 1911.

Oktoba, wiki ya tatu

Sabuni. Hii ndiyo kazi iliyokusanya mada nyingi kwa mkupuo mmoja, na imechukua wiki mbili badala ya moja.

Magadi yenyewe hayana nguvu ya kutosha kugeuza mafuta kuwa sabuni kwa haraka. Inatakiwa sodiamu haidroksaidi. Tuliyachoma kwanza ili haidrojeni kaboneti yote iwe kaboneti na maji yatoke. Gramu 10.00 zikabaki 7.35, ambapo trona safi ingebakiza 7.04, na wanafunzi walieleza tofauti hiyo kabla sijauliza: mchanga na chumvi havipungui kwa moto. Kisha tukachemsha gramu 30 za magadi yaliyochomwa pamoja na gramu 20 za chokaa iliyozimwa katika maji: Na₂CO₃ + Ca(OH)₂ ⇌ CaCO₃ + 2NaOH.

Kwa nini mmenyuko huu uende mbele, ilhali chokaa yenyewe haimumunyuki sana? Ukigawanya namba thabiti ya umumunyifu ya kalsiamu haidroksaidi, takriban 5 × 10⁻⁶, kwa ile ya kalsiamu kaboneti, takriban 5 × 10⁻⁹, unapata namba thabiti ya msawazo ya karibu 1,000. Katika namba hiyo kiwango cha haidroksaidi kimepandishwa kipeo cha pili, kwa hiyo mmumunyo ukiwa mzito mno mmenyuko hurudi nyuma kidogo. Ndiyo maana tulitumia maji mengi, na ndiyo maana baadaye tulilazimika kuyachemsha yapungue.

Miwani na glavu zilikuwa lazima, na aliyesahau miwani alitazama akiwa dirishani. Mmumunyo uliochujwa tulioupata ulikuwa sentimita za ujazo 350. Tukaupima kwa asidi na vionyeshi vile vile viwili vya mwaka jana, na safari hii hatua mbili zilikuwa karibu kugusana, ishara kwamba kaboneti iliyobaki ni kidogo. Kiwango kilikuwa 1.04 M, yaani gramu 14.6 za sodiamu haidroksaidi. Nilikuwa nimepanga gramu 100 za mafuta ya nazi, ambayo yangehitaji zaidi ya gramu 18. Tukayapunguza hadi 85, tukiacha kwa makusudi mafuta kidogo yazidi ili sabuni isichune ngozi.

Kuitenga sabuni kwa chumvi kulitushinda siku nzima. Kinadharia ioni za sodiamu zikiongezwa sabuni hupanda juu, lakini sabuni ya nazi ina minyororo mifupi ya kaboni na huvumilia chumvi kuliko sabuni nyingine. Ndiyo maana hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Tulitumia chumvi mara tatu ya tulivyokadiria. Yule mwanafunzi wa makande alikuwapo, na jibu la ladha ya sabuni alijipatia mwenyewe.

Januari, wiki ya tatu

Amini, yaani besi za kikaboni zenye naitrojeni, zimepita haraka. Mfano tuliotumia ni ugoro: tumbaku husagwa pamoja na magadi kwa sababu nikotini ndani ya jani iko kama chumvi ya asidi, na besi huiachia huru ili ipenye upesi kwenye utando wa pua. Nilieleza kemia yake na madhara yake kwa kipumuo kimoja.

Elektrokemia imekuwa dhaifu. Seli ya Daniell (betri ya zinki na shaba) tuliyoitengeneza ilisoma volti 1.02 badala ya 1.10, sahani ya zinki ilikuwa chafu, na daraja la chumvi lilikauka katikati ya kipindi. Magadi hayakuhusika. Tutarudia.

Machi, wiki ya pili

Uchanganuzi wa chumvi, maandalizi ya karatasi ya tatu ya mtihani. Swali lilikuwa: ile asilimia 13 isiyo trona ni nini? Kikundi kimoja kilitangaza kwamba kuna kloraidi nyingi ajabu, kwa kuwa silva naitreti ilitoa mashapo meupe mazito. Nikawauliza walitumia asidi gani kuondoa kaboneti kabla ya kipimo. Walitumia haidrokloriki, ambayo yenyewe ina kloraidi. Walirudia kwa asidi ya naitriki, na mashapo yakapungua sana, lakini hayakuisha: kloraidi ipo kweli. Bariamu kloraidi katika asidi ilitoa ukungu hafifu, dalili ya salfeti kidogo.

Floraidi hatuwezi kuipima hapa, na hilo linanikera, kwa sababu ndiyo yenye maana zaidi kwa watu wa Kanda ya Kaskazini. Maji na magadi ya bonde la ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na meno ya kahawia ni jambo la kawaida kwa waliokulia pembezoni mwa Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tumejadili angalau namna mkaa wa mifupa unavyoiondoa: haidroksaidi iliyo katika madini ya mfupa, Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂, hubadilishana nafasi na floraidi. Ni umumunyifu na msawazo tena, na safari hii walisema wao.

Aprili, wiki ya mwisho

Mtihani wa taifa ni mwezi ujao. Seli ya Daniell imerudiwa kwa zinki iliyosuguliwa, ikasoma 1.08. Sabuni imekauka, vipande kumi na viwili, na kimoja kimekwenda kwa mpishi.

Magadi yaliyobaki, kama gramu 600, tumeyafungia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Binti yule wa PCB ndiye aliyeandika kibandiko: "Trona, si safi, takriban 87%. Imepimwa kwa HCl 0.084 M iliyosanifishwa. Tafadhali pima asidi yako kwanza."